Vigae vya Tabaka la Chini

Ukitaka kujua mtu ana subira kiasi gani, mfungulie mlango wa stoo aliyoijaza kwa nusu ya umri wake, umwonyeshe sofa.

Ndivyo alivyofanyiwa Mama Vigae. Alikuwa amerudi kutoka nje ya nchi, kwenye mkutano wa wiki mbili wa wataalamu wa bandari za kale, na badala ya kupitia nyumbani akaoge kama wafanyavyo watu wenye akili zao, akaenda moja kwa moja chuoni akiburuza sanduku, eti aangalie kreti zake. Akakuta mlango si ule. Mlango wake ulikuwa wa mbao, rangi imebabuka, haufunguki mpaka uupige bega. Huu ulikuwa wa kioo. Nyuma ya kioo kulikuwa na sofa ya rangi ya damu ya mzee, zulia, makabati yenye taa ndani, na ukutani herufi za shaba: UKUMBI WA PROFESA, halafu jina lake lote refu, halafu digrii zake zote zikifuatana kama mabehewa.

Kreti hazikuwepo. Hata harufu ya vumbi hawakumbakizia.

Alisimama pale kitambo, mkono bado umeshika sanduku. Mlinzi aliyempita akamsalimia na kumpa pole na safari, naye akaitikia kwa adabu zote, maana alikuwa bado hajaelewa. Hasira huwa inachelewa kidogo kwa watu wa aina yake. Ikifika, kaa mbali.

Sasa mtu atauliza, kreti za nini? Haya, tuelezane. Mama Vigae alikuwa mwanaakiolojia, mhadhiri mwandamizi, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi kwa sababu ya vile vipande vya vyungu vilivyovunjika, alivyovithamini kuliko watu wengi aliofahamiana nao. Alikuwa amechimba mji mmoja wa kale, bandari iliyokufa ikafunikwa na mchanga na vichaka. Na kuchimba kwao si kule kufukuafukua kutafuta dhahabu kama watu wanavyodhani. Unashuka pole pole, tabaka kwa tabaka. La juu ni la juzi, la chini ni la zamani zaidi. Kila kinachotoka unakiandika kimetoka tabaka gani, na ukikosea hapo umeharibu kila kitu, bora ungelala nyumbani.

Vigae vya mji ule vilikuwa vya namna mbili. Kulikuwa na vya kung'aa, vya bluu na kijani, vilivyokuja na meli kutoka ng'ambo. Hivyo kila mtu anavipenda, vinatoka vizuri kwenye picha. Na kulikuwa na vyeusi vya kawaida, vya vyungu vilivyofinyangwa na watu wa pale pale. Profesa ndiye aliyeuchimba mji ule kwanza, enzi za ujana wake, kabla hajawa mwalimu wa Mama Vigae na wa karibu kila mtu katika idara. Na Profesa alikuwa na utaratibu wake: vya kung'aa vinawekwa, vyeusi vinahesabiwa haraka haraka na kutupwa. Kwa hivyo vya kung'aa akajenga jina. Akaandika kwamba mji ule uliletwa na wageni, waliokuja na vyombo vyao na bidhaa zao, na wenyeji walikuwa ufukweni wamekodoa macho, wakingoja kupewa mizigo wabebe. Kitabu kikasomwa kila pembe. Wanafunzi wa sekondari wakakikariri, Mama Vigae akiwa mmoja wao, na mtihani akaupasua vizuri tu.

Kisha, alipokuwa mhadhiri, akaenda kuchimba shimo lake mwenyewe, hatua chache kutoka lile la mzee. Akashuka mpaka chini kabisa, chini ya kigae cha mwisho cha kung'aa. Na huko chini, ambako kwa maneno ya Profesa hakukutakiwa kuwa na kitu ila mchanga mtupu, akakuta vyungu vyeusi tele, na ndani yake vimegandwa na kitu kigumu kama lami iliyokauka. Hayakuwa masizi wala chakula kilichoungua. Kwa macho yake ilikuwa kalafati, ile dawa ya kuziba nyufa za mbao ili chombo kisiingize maji. Watu walikuwa wanachemsha kalafati pale ufukweni kabla mgeni yeyote hajaleta sahani yake. Sasa hebu niambie, mtu anachemsha kalafati ya nini kama hana chombo cha kwendea baharini? Waliunda vyombo, wakasafiri, wakafanya biashara, wakarudi. Hawakuwa wakimngoja mtu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Na kila alipoipeleka kwenye kamati, Profesa yumo. Amestaafu, lakini yumo. Wazee wa namna hiyo hawastaafu, wanabadilisha kiti tu. Akisomewa, anatabasamu, anasema kazi ni nzuri lakini bado haijaiva. Faili lake la kuomba uprofesa likarudishwa mara mbili kwa maneno hayo hayo. Haijaiva, utadhani ni ndizi. Mpaka hatimaye wachapishaji wa ng'ambo wakakikubali kitabu kwa sharti moja: ule ugando upimwe maabara, wataalamu waseme kwa vipimo kama ni kalafati kweli. Kwenye mkutano ule alikotoka ndipo alipoipata maabara iliyo tayari. Walimwambia alete vigae vya tabaka la chini kabla mwezi haujaisha. Vipimo vikikubali, kitabu kinatoka na shule zinafundishwa upya. Vigae visipokuwepo, hakuna kitabu. Litabaki neno la mwanamke mmoja dhidi ya neno la Profesa, na hiyo mechi ilishachezwa mara nyingi, matokeo yanajulikana.

Ndiyo maana alipoona sofa akageuka kwenda kumtafuta mkuu wa idara.

Mkuu wa idara walisoma naye darasa moja, na tangu wakati huo hakuwahi kumkatalia mkubwa jambo lolote. Wanafunzi walimwita Ndiyo Mzee. Alimpokea kwa bashasha zote, akamwuliza habari za mkutano, habari za pacha, habari za shemeji. Mama Vigae akamwambia hakuja kwa salamu. Kreti zangu ziko wapi?

Ndiyo Mzee akajitia kupanga karatasi. Akaeleza, huku akizungukazunguka, kwamba uongozi uliamua kumuenzi Profesa kwa ukumbi, uzinduzi kesho asubuhi, kwamba hapakuwa na chumba kingine, kwamba walijaribu kumpigia simu lakini alikuwa safarini. Uongo. Simu ilikuwa mkononi mwake safari nzima. Ila asiwe na wasiwasi, vitu muhimu vyote vimehifadhiwa. Profesa mwenyewe, pamoja na umri wake, alikuja akakaa kutwa nzima kwenye kiti, akachambua kreti moja baada ya nyingine. Vile vizuri vyote vipo kabatini, vimewekewa taa.

"Na vyeusi?" akauliza Mama Vigae.

Ndiyo Mzee akatazama dirishani. Mama Vigae akafuata macho yake. Kule nje, kutoka kwenye barabara ya chuo hadi ngazi za ukumbi mpya, kulikuwa na njia iliyotandikwa matofali madogo mekundu, safi, yamepangwa vizuri. Mafundi walikuwa wamepungukiwa kifusi cha kujazia chini, akasema Ndiyo Mzee kwa sauti ya mtu anayetoa salamu za rambirambi. Profesa akasema vile havina kazi, wavichukue.

Mama Vigae hakupiga kelele. Aliketi, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Yule mzee alikuwa amefanya kitu kile kile. Alikitenda akiwa kijana kwenye shimo lake, na sasa, mvi kichwa kizima, amekuja kukitenda kwenye shimo la mwenzie. Amekaa kwenye kiti kutwa nzima, kigae kimoja kimoja kimepita mkononi mwake, na kila kigae kina maandishi ya wino mweusi, namba ya shimo na namba ya tabaka, kwa mwandiko wa Mama Vigae. Wengine huandika vile vya kung'aa tu. Yeye aliviandika vyote, akachekwa. Wala hakuruhusu vioshwe, ugando usije ukasuguliwa na brashi ukaondoka. Kwa hiyo mzee alijua anashika nini. Alisoma, akatupa.

Nyumbani, mumewe alikuwa uani amepasua friji la mtu, vyuma vimetapakaa. Alikuwa fundi wa friji na viyoyozi, mtu wa mzaha mwingi, na wakiitana ni Mama Pacha na Baba Pacha kwa sababu ya wale wawili waliokuwa shule ya bweni. Alipomwona mkewe anaingia bila kuvua viatu, akajua kuna jambo. Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akasema ndoa yao siku zote ilikuwa na wenyewe watatu, yeye, mkewe na vyungu, na sasa mmoja katupwa labda na yeye atapata zamu ya kusikilizwa.

Mama Pacha hakucheka. Baba Pacha akafunga mdomo, akaosha mikono, akamtengenezea chai.

Alikunywa ile chai akitembea. Alitukana, na mtu huyu hakuwa mtukanaji. Alimtukana Ndiyo Mzee na tai yake, akautukana uongozi na herufi zake za shaba, na Profesa akamtukana kwa utaratibu, kuanzia hotuba zake hadi kikohozi chake kile cha kukatiza watu wanaozungumza. Akasema analia kwa hasira na si kwa huzuni, wasije wakachanganya. Baba Pacha akasema hajachanganya.

Halafu akasimama ghafla, katikati ya sebule. Akauliza mafundi huwa wanamwagaje kifusi. Baba Pacha akasema wanaanzia mbali, upande wa barabarani, wanakuja wakimwaga mpaka mlangoni. Na kwenye stoo je, mtu anayetoa mizigo anaanza na ipi? Iliyo karibu na mlango, akasema Baba Pacha, nani atarukia ya nyuma?

Basi. Karibu na mlango wa stoo zilikuwa kreti za matabaka ya juu. Za tabaka la chini alizificha ukutani kabisa, nyuma ya nyingine zote, ili mtu asije akazigusa. Kwa hiyo zilitoka mwisho, na zilimwagwa mwisho. Tabaka la chini lilikuwa mbele ya ngazi za ukumbi, pale pale wageni watakapopita kesho asubuhi kwenda kumpigia Profesa makofi.

"Nitafukua," akasema.

Baba Pacha akakuna kichwa. Akamkumbusha kwamba ni mali ya chuo, kwamba kesho ni uzinduzi, kwamba watamfukuza kazi. Akamkumbusha yote aliyotakiwa kukumbushwa, kama mume. Mkewe akamwambia wakimfukuza atapata muda wa kuandika. Baada ya hapo Baba Pacha hakubishana, akaenda kutafuta mtaimbo.

Asubuhi kulipopambazuka walikuwa tayari wako pale. Mama Vigae alivaa ovaroli ya mumewe, mgongoni imeandikwa FRIJI NA VIYOYOZI, maana nguo zake za kuchimbia alizihifadhi kwenye stoo, na stoo ndiyo hiyo. Akapima mraba mbele ya ngazi, akapigilia misumari pembeni, akafunga uzi. Hata kwa hasira ile hakukubali kuchimba ovyo. Baba Pacha akang'oa tofali la kwanza kwa mtaimbo, mengine yakafuata kirahisi, wakayapanga vizuri kando. Chini yake mchanga. Chini ya mchanga, akipapasa kwa mwiko mdogo, kikatokea cheusi cha kwanza.

Kilikuwa kimevunjika upya. Mashine ya kushindilia ilikuwa imepita juu yake, huku na huko, na vingi vilikuwa unga mtupu. Akachekecha. Akapata kipande chenye namba nusu. Akapata kingine hakina namba kabisa, hicho hakifai, hakina kwao tena. Kila aliposhika unga mweusi uliokuwa chungu cha mtu, meno yalimsagika mdomoni. Mamia ya miaka ardhini havikuguswa, wiki mbili mikononi mwa wasomi vimekuwa vumbi.

Mlinzi alikuja, akauliza kama ni bomba la maji. Baba Pacha akamjibu kwamba ni tatizo la zamani. Mlinzi akaridhika. Ndiyo Mzee alipofika, suti mpya, hakuridhika hata kidogo. Akazunguka shimo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akabembeleza, kisha akatishia. Akasema faili la uprofesa lilikuwa lipite safari hii, alikuwa ameshaahidiwa, na sasa anajipalia makaa mwenyewe mbele za watu. Mama Vigae, bila kuinua kichwa, akamwomba asikanyage uzi.

Hapo ndipo Profesa alipowasili, mapema kuliko wageni, kama kawaida yake. Alikuwa amekonda, fimbo mkononi, maua yamechomekwa kwenye koti. Akatazama mraba, uzi, chekeche, yote yamepangwa kama alivyowafundisha yeye. Akamwambia Ndiyo Mzee aende akaangalie vipaza sauti. Ndiyo Mzee akaenda. Baba Pacha naye akajisogeza kwenye matofali.

Mzee akajishusha polepole, akakaa kwenye ngazi. Alizungumza kwa upole, na upole ule ulimkera Mama Vigae kuliko matusi. Alisema hakuwa na nia mbaya. Alisema umri unapofika ule mtu hutaka nyumba yake ibaki imesimama. Kisha akakohoa, akatazama nyuma kuona kama kuna mtu, akasema lile alilokuwa amelikalia maisha yake yote. Katika shimo lake la kwanza aliviona. Vyungu vyeusi, chini ya vyote, vina ugando ndani. Alikaa navyo hemani usiku kucha. Lakini wakati ule hakuna aliyetaka kusikia hivyo. Waliogharimia kazi walitaka habari za wageni na meli zao, na yeye alikuwa kijana anayetafuta ajira. Asubuhi akavirudisha kwenye lundo la takataka.

Mama Vigae aliacha kuchekecha.

"Nakuomba kitu kimoja, mwanangu," akasema Profesa. "Nisubiri nife. Haitakuwa mbali. Nikishazikwa, andika utakalo."

"Hapana, mzee," akasema Mama Vigae. "Ukifa nitakuonea huruma, na nikikuonea huruma nitakupunguzia. Nataka ukisome ukiwa hai, na miwani yako umevaa."

Mzee akajizoazoa, akashika fimbo, akaingia ndani kwa kupitia pembeni ya shimo, na hakuukanyaga uzi. Hilo lazima tumpe.

Wageni walipoanza kufika walielekezwa mlango wa nyuma. Waliopita karibu walitupa macho kwa yule mwanamke wa friji na viyoyozi aliyepiga magoti vumbini, wakadhani mambo ya umeme. Yeye alikuwa amefika pazuri: kwenye kona, chini ya ukingo wa ngazi ambako mashine haikuweza kufika, vigae vilikuwa vizima. Namba zinasomeka. Tabaka la chini, shimo lake, ugando umekaa kama ulivyokaa. Akavipanga kwenye trei ya mbao, kimoja kimoja. Havikuwa vingi, lakini maabara haihitaji gunia. Akamwonyesha mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu jana akavuta pumzi iliyofika chini.

Ndani, kipaza sauti kikakoroma, kisha sauti ya Profesa ikatoka hadi nje, nzito, iliyozoea kusikilizwa. Akawashukuru wote. Akasimulia ujana wake. Halafu akasema kwamba elimu haisimami mahali pamoja, na kwamba kwa miaka mingi moyo wake ulikuwa ukimwambia kuwa wenyeji wa mji ule walikuwa mabaharia wenyewe, waunda vyombo, wasafiri.

Mama Vigae akainua kichwa.

"Ushahidi ninao," ikaendelea ile sauti. "Vyungu vya kalafati, katika tabaka la chini kabisa. Na hivi tunavyozungumza, binti yangu katika taaluma, mwanafunzi wangu hodari, yuko hapo nje kazini, anavikusanya kwa maelekezo yangu."

Makofi yakalipuka. Baba Pacha akasema neno moja lisiloandikika.

Jamani, kuna kuibiwa, na kuna kuibiwa ukiwa umepiga magoti, mikono imejaa udongo, huku unapigiwa makofi. Kazi ambayo kwa miaka yote hiyo haikuiva, leo imeiva, imepakuliwa, na mzee amekaa mezani. Alimnyima uprofesa, akamvunjia vigae, na sasa anameza na ugunduzi wenyewe, kisha anamtupia ganda la sifa. Mwanafunzi wangu hodari. Mwanamke wa umri wake, mama wa watoto wawili warefu kuliko yeye.

Akainua trei. Baba Pacha akataka kumshika mkono, akauacha. Akapanda ngazi kwa mlango wa mbele, ule wa kioo, akausukuma kwa bega kama alivyozoea kusukuma ule wa zamani, ukagonga ukuta. Watu wakageuka. Akapita katikati yao na ovaroli yake, akiacha nyayo kwenye zulia jipya, na Ndiyo Mzee akasimama nusu, akakaa tena. Akaweka trei kwenye meza ya mbele, kando ya chupa ya maji ya Profesa.

Wageni walitabasamu. Walidhani ndiyo ratiba. Profesa naye akatabasamu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye trei kama mwenye nyumba anayekaribisha watu chakula.

Siku Mama Vigae alipotetea tasnifu yake, miaka hiyo, huyu huyu ndiye aliyemwuliza swali la kwanza, lile ambalo huulizwa kila mtu kwenye kazi yao, kabla ya nadharia, kabla ya vitabu: vitu vyenyewe viko wapi? Alimwacha amesimama na swali hilo mpaka jasho likamtoka.

"Nina swali, Profesa," akasema Mama Vigae. Hakuhitaji kipaza sauti. "Shimo lako la kwanza, tabaka la chini kabisa. Vigae vyake viko wapi?"

Profesa akacheka kidogo. Akasema maswali yana wakati wake, mwanangu, hapa ni sherehe. Mama Vigae hakuondoka. Akauliza na vyake je, vilivyokuwa kwenye kreti hadi juzi katika chumba hiki hiki, pale ilipo hiyo sofa. Vile navyo viko wapi? Kisha akanyamaza, akangoja. Alijua kungoja. Hakuna kazi aliyoifanya zaidi maishani mwake.

Mzee akamtazama Ndiyo Mzee. Ndiyo Mzee alikuwa anatazama viatu vyake. Akawatazama wageni, nao sasa hawakuwa wakitabasamu. Akatazama trei, ile namba ya wino mweusi juu ya kila kigae, mwandiko anaoufahamu tangu Mama Vigae akiwa msichana. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Nilivitupa," akasema Profesa.

Kule nyuma mtu mmoja, sijui alikuwa amelala au ni mjinga tu, akaanza kupiga makofi, kisha akaona yuko peke yake.

Mama Vigae akachukua trei yake, akatoka kwa mlango ule ule. Nje akaiweka kivulini, akashuka shimoni, akashika mwiko, akauweka tena chini, akaketi kwenye mchanga. Baba Pacha akaja, akachuchumaa ukingoni. Alikuwa amesikia kila kitu, mlango ulibaki wazi. Akamwuliza kama sasa moyo umepoa.

"Hata kidogo," akasema Mama Vigae, na machozi ya hasira yakamtoka tena, akayafuta kwa mkono wa udongo. "Neno moja tu, Baba Pacha. Alikuwa nalo siku zote, akaniacha nichimbe."